Malafu ya Buko ku Kinga ya Muitaliano

Mbele ya kuanza nasema kabisa: mu hii habari, mujinga ni minyi. Usitafute mwengine. Kuko Muitaliano, kuko tata mukwe na mama mukwe, hata kuku iko, lakini bote bananipita akili, na kuku njo wa kwanza. Kama unataka habari ya muntu mwenye akili, enda kwa kalani moya mwenye utamusikia hapa chini. Yeye atakuandikia yake muzuri, na virgili na nukta zote.

Ilikuwa wakati banajenga Base, kambi kubwa ya basoda na ndege. Minyi nilikuwa nachanganya simenti kwa Muitaliano, masoni, muntu wa tumbo na mustashi, mwenye alikuwa anaimba paka tu wakati ukuta iko inapanda bubaya. Ukuta ikipanda muzuri, ananyamaza. Shiye tulikuwa tunayua hali ya kazi kwa masikio.

Mu depo yake, pale tulikuwa tunaweka mifuko ya simenti, alipigilia picha moya ku mulango. Picha ya kwabo. Milima na milima, si ile ya kuogopesha, milima ya mviringo sawa mikate, na juu yake miti mifupi ya vino, yote ku mustari sawa batoto ya masomo wakati mwalimu anahesabu nani hakukuya. Katikati, barabara nyeupe ya kokoto. Na ku ile barabara, muntu moya ku kinga, baisikeli, amekunja mugongo, hana muzigo.

Hana muzigo! Njo kile kilitushangaza.

Siku moya nikamuuliza:

— Bwana, huyu bamemutuma wapi?

— Hapana tuma.

— Sasa anaenda kuuzisha nini?

— Hapana uzisha. Siku ya mungu, yeye iko napanda kilima. Iko nakunywa vino kidogo. Iko nashuka. Iko napanda kilima ingine, iko nakunywa tena kidogo.

— Kisha?

— Kisha iko narudia kwake.

— Na bintu gani?

— Na furaha, alisema Muitaliano.

Tulicheka mpaka simenti ikakauka mu koleo. Muntu mukubwa, mwenye bibi na batoto, anatoka ku kinga asubui, anapanda milima yote ya kwabo, na mangaribi anarudia na furaha peke yake! Kwetu bibi angemufungia mulango. Kwetu kinga haitoke mu nyumba mikono mitupu. Ya Kinkondja, kule ku ziwa, inakuya na samaki ya kukausha mpaka haumuone mwenye kuendesha, unaona paka samaki yenye kuwa na miguu. Kinga inabeba mbuzi, inabeba mihogo, inabeba bibi na mutoto mu mugongo na mutoto mwengine ku gido, ile chuma ya kushikia mbele. Baba yangu alisha kubeba kitanda ku kinga, na kambo yangu, mama ya baba, alikuwa analala mu kile kitanda, na njia yote alikuwa anamutukana baba kama anaendesha mbiyo.

Lakini ile picha iliniingia. Nilikuwa kijana, na kijana anaangalia picha ya muntu mwengine na anasema: huyu ni minyi, paka rangi njo balikosea.

Basi, kulikuwa binti.

Kwabo ni kule barabara ya Bukama inaanza kuzunguka mu milima. Bantu ya mashamba, bakatolika ya tangu zamani, mihogo na mahindi mpaka ku mulango. Nilimuonaka ku misa. Alicheka kofia yangu wakati wa mahubiri, na minyi nikayua pale pale kama yule ni bibi yangu, juu wengine walikuwa wanaichekea inje tu.

Lakini hatukuwa peke yetu ku ile njia. Kulikuwa kalani. Mutoto ya jamaa ya Bametodiste ya mu mji, alisoma, anafanya kazi ya kukaa, viatu byake binangaa mpaka unaweza kunyoa ndevu ndani yake. Alikuwa anasema Kifaransa, «n'est-ce pas», hata na mbuzi. Mama ya binti alimupenda sana. Alikuwa anasema kila siku: «Yule hatarudia na simenti mu nywele.» Tata ya binti, yeye, hakuwa na neno na kalani, paka moya: kalani hakunywe. Dini yake inakataza.

— Ataniletea limonade, tata aliniambia, na uso sawa muntu mwenye anasema habari ya kilio. Atakaa pale, atakunywa limonade, minyi nitakunywa limonade. Kisha tutaongea nini?

— Sawa, tata. Nini?

— Nyamaza, sikukuuliza weye. Sikia. Siku ya mungu, kisha misa, ulete malafu ya kwanza. Malafu ya ngazi, ile pombe ya mu muti wa mawese, ya mu bonde, si bia ya mu chupa. Ikifika hapa kwa bantu ya binti na ikionjwa, basi, tunafungia bengine mulango. Isipofika, siku ya mungu yenye kufuata kalani anakuya, na bibi yangu ameisha kutwanga unga ya kumupokelea.

— Itafika, tata.

— Sikusema weye ufike. Malafu.

Muntu mwengine wote angeenda kwa miguu. Bonde ya ngazi haiko mbali na mugini, kijiji ya kwabo binti. Unaamuka, unabeba kibuyu ku bega, unafika, unaoa. Ao ningeomba kinga ya baba yangu, ile ya kitanda, yenye porte-bagages ya chuma, kiti ya muzigo. Lakini minyi nilikuwa na picha mu kichwa. Nilikuwa najiona nashuka kilima, nimekunja mugongo, binti anasimama ku mulango na mukono ku kinywa, na kalani anaanguka mu viatu byake.

Kinga ya Muitaliano ilikuwa inatundikwa ku ukuta ya depo sawa picha ya mutakatifu. Nyembamba! Gido yake ilipindama sawa pembe za kondoo, mipira yake haikupita kidole changu, haina porte-bagages, haina kengele, haina kintu chote cha kusaidia muntu. Nikamwambia:

— Bwana, minyi nataka kwenda sawa yule wa picha.

Aliniangalia murefu. Macho yake ilikuwa na maji, nikafikiri ni vumbi ya simenti.

— Weye iko na kilima?

— Iko, bwana. Mingi.

— Na vino?

— Vino ya ngazi, bwana. Na binti.

Aliposikia binti, alishusha kinga pale pale. Alisema:

— Freni ya mbele, nguvu. Freni ya nyuma...

Na akafanya mukono sawa muntu anafukuza inzi. Minyi nilisikia «nguvu». Habari ya inzi sikuiuliza.

Kisha akatoka na damejani, ile chupa kubwa ya tumbo yenye kuvalishwa kikapo, na bushoni, kizibo kya muti wa kwabo, na waya.

— Vino hapana penda hewa, alinifundisha. Hewa iko naingia, vino iko nakufa. Weye iko nafunga, iko napiga nyundo, iko nafunga waya. Nguvu!

Sasa hapa hata mutoto wa kwetu angecheka. Malafu ya ngazi haiko vino yenye kulala mu chupa. Inatoka mu muti imeisha kuchemka, inaendelea kuchemka yenyewe mu kibuyu, bila moto. Njo maana unaifunika na majani tu, ipumue. Ukiinyima hewa inakasirika. Minyi niliyua ile tangu maziwa ya mama. Lakini nikaangalia damejani, nikaangalia waya yenye kungaa, sawa ile chupa bakubwa ya Base banafungua siku ya sikukuu, nikasema mu roho: majani ni ya baba zetu, waya ni ya evoluwe, bantu benye kuendelea.

Siku ya mungu ikafika. Misa ya asubui, nilipiga magoti na suruali mupya na nikaomba paka kintu kimoya: vumbi isikuwe mingi. Kisha nikaenda mu bonde kwa muntu mwenye kugema ngazi. Nilimukuta ameisha kuonja kazi yake tangu jua kutoka. Alinijazia damejani mpaka ku shingo, na alipoona bushoni na waya, akakaa chini juu ya kushangaa.

— Eh! Bazungu bana akili. Hata mwizi, atafanya nini?

— Hatafanya kintu, baba.

— Lete nikupigie.

Akapiga bushoni na mugongo wa panga mpaka ikaingia yote. Waya nilizungusha minyi mwenyewe. Akaniomba, kama nitaona bushoni ingine kule Base, nimukumbuke.

Kinga haina porte-bagages, nilisha kusema. Basi nikafunga damejani mu mugongo na kitambala, sawa vile mama anabeba mutoto. Nikapanda. Kofia, shati nyeupe, soksi ya kuvuta mpaka ku magoti. Nikaanza kilima ya kwanza.

Ile barabara, bakantonie, bantu ya kutengeneza njia, balikuwa bameimwangia kokoto mupya, na camions, malori za Base, zilisha kuikunja sawa mabati. Mipira ya Muitaliano ilikuwa inaingia mu kokoto sawa kisu mu fufu. Kila mukunjo ya barabara iliniingia mu meno. Banamuke benye kutoka ku misa balikuwa banatembea ku kando, na balinipita.

— Yo, baba mutoto! Mama yake alienda wapi?

— Angalia, hata kofia hakumuvalisha!

— Na ana shingo ya nani huyu mutoto?

— Ya babake, si unaona!

Minyi sikujibu. Muntu wa picha hajibu. Batoto nabo balinipita, moya akarudia kuniuliza kama nataka asukume.

Nikafika juu. Nikasimama, sawa Muitaliano alisema, nikangojea furaha. Jasho ilikuya, furaha hapana. Niliangalia milima. Ilikuwa milima. Ngazi mu mabonde, majani yenye kuungua, mbali kule moshi ya train ya Kamina. Muzuri, sisemi, lakini nilisha kuiona, ilikuwa pale tangu kuzaliwa kwangu na hakuna mwenye aliniambia niipandie na jasho.

Mu mugongo, mutoto alianza kusema. Kwanza «fu, fu». Kisha, barabara ikizidi kutikisika, «tsss», murefu, sawa nyoka mwenye anaota. Juu ya kilima ya pili nikasema niionje kidogo, vile benyewe banafanya. Nikaishusha, nikagusa waya. Bushoni ikanung'unika. Haki ya Mungu, ilinung'unika, na ikapanda kidogo ku shingo ya chupa sawa kichwa cha kobe.

Muntu mwenye akili angefungua. Minyi niliongeza waya.

Na sasa, kilima ya kushuka. Ile ya mwisho, chini yake njo mugini ya binti.

Ngoja kwanza nikuambie buko, kama weye hauko muntu wa huku. Mama ya bibi yako, ao mama ya binti mwenye unatafuta, haumuangalie mu macho. Haukule mbele yake. Haumupe mukono. Hausemi naye, mpaka siku jamaa watafungua ile kinywa na zawadi. Ukikutana naye mu njia, unatoka mu njia. Unaingia mu majani, unageuka mugongo, unangoja apite. Yeye naye anajifunika na kutoka vile vile. Ile njo buko, heshima ya bakwe. Ku miguu ni kintu chepesi: unaona kitambala yake mbali, unajifanya unatafuta kuni. Lakini bakubwa benye balipanga buko, hakuna hata moya mwenye alisha kushuka kilima ku kinga ya Italia.

Nilikuwa nashuka mbiyo ya kutoa machozi, mugongo umekunjama, muzuri kabisa sawa picha, na kweli nasema, pale furaha ilianza kufika. Njo nikamuona. Kitambala ya bleu ya siku ya mungu, beseni ku kichwa, ule mutembeo wa muntu mwenye mashamba yake. Mama ya binti. Nyuma yake banamuke bengine na mizigo ya kuni. Sikuangalia ni banani, macho yangu ilikuwa na kazi.

Nikafikiri mbiyo. Buko inasema: toka mu barabara. Serkali inasema: kila muntu mukono wa kuume. Nikaweka sheria zote mbili pamoja, nikaenda kuume.

Yeye naye, maskini, angetokea wapi? Ku upande wake kulikuwa ukingo na mabwe. Pahali pa kuingia mu majani palikuwa pamoya tu, ku kuume yangu. Akaweka beseni chini, akakimbia kule, akageuka mugongo, akajifunika. Buko inasema mutoke mu barabara. Haiseme kila mutu ku upande gani.

Nikafinya freni ya mbele. Ile ya nguvu.

Kinga ikasimama. Minyi hapana. Nilipita juu ya gido na mikono wazi sawa padiri anabariki, nikaona mawingu, nikaona kokoto, nikaona mawingu tena, na damejani ikatoka mu kitambala ikaniacha, juu yeye hakukuwa na kitu cha kungojea na minyi. Ikaanguka ku lundo ya kokoto ya bakantonie. Kikapo iliokoa chupa, lakini waya ikakatika.

PAAA!

— Ni Base! banamuke balilia. Base inalipuka! Lala chini!

Bote balilala chini na kuni zabo. Bushoni ilipanda kule juu, na mpaka leo hakuna mwenye aliiona. Na malafu ikatoka sawa maji mu ile bomba kubwa ya ku gare yenye kunywesha mashini ya train. Ikapanda, ikapinda, ikatafuta pahali pa kushukia. Mama, akisikia mulio, aligeuka na kinywa wazi juu ya kulia.

Ikamushukia yeye.

Minyi nilikuwa mu miiba, uso chini. Nilitaka kuamuka, kuomba rusa, kupanguza muntu. Lakini buko! Sikuweza kumuangalia. Naye hakuweza kuniangalia. Basi tukakaa vile, mugongo na mugongo, bote bawili tunavuja malafu, kila muntu anamuheshimu mwenziwe na nguvu zake zote.

— Mama, ni vita? mwanamuke moya aliuliza toka chini.

— Ni mukwe, mama alisema.

— Mukwe gani mwenye analipuka?

Nilifika kwa tata na damejani mu mugongo, nasukuma kinga kwa kuinua gurudumu ya mbele, juu ilisha kuwa na sura ya yai. Mama na banamuke balikuwa bametangulia, balipita nyuma, mu jikoni. Tata alikuwa mu kiti chake, na vikombe bilisha kupangwa. Alikamata damejani. Akaigeuza. Tone moya likashuka, likaanguka ku kidole chake. Akaliangalia.

— Hii njo malafu?

— Eyo, vidye, tata.

— Na ingine?

Jikoni ilikuwa pale, na huwezi kuonyesha mama mukwe na kidole.

— Ilitangulia, tata.

Njo sauti ikatoka nyuma ya jikoni. Mama hakuweza kusema na minyi, tena alikuwa na kasirani mingi, hakuweza kungojea muntu wa kutuma. Kulikuwa kuku pale, anakwaruza udongo. Akasema na kuku.

— We, kuku! Weye mwenye kuzunguka mugini yote! Ulisha kuona wapi muntu anafukuza mukwe wake mu majani na bunduki?

Kuku alisema vile kuku banasema.

— Kuku amesikia, tata aliniambia. Unajibu nini?

Minyi nami, buko inanifunga. Nikageukia kuku.

— Kuku, mwambie mama, na heshima yote, ile haikuwa bunduki. Ni bushoni.

— Kuku, bushoni ni nini?

— Kuku, ni kizibo kya Italia.

— Kuku, na Italia inanitafuta nini mu njia ya kwetu?

Hapa kuku alichoka, akataka kwenda. Binti akatoka na mahindi mu mukono, akamwangia kidogo pale katikati yetu, kuku akarudia ku kazi. Binti hakuniangalia. Aliangalia soksi zangu, akafinya midomo sana.

— Kuku, mama aliendelea, uambie bwana yangu: malafu ilipashwa kufika hapa, si ku nguo yangu ya misa. Haikufika. Siku ya mungu yenye kuya, kalani atafika. Limonade yake iko mu kasha, chupa yote na kizibo chake, na hakuna hata moya inalipuka.

Mpaka pale nilikuwa bado nafikiri habari ya suruali. Sasa nikaona mulango iko inafungwa na minyi niko inje, na binti ndani, na kalani mu kiti, «n'est-ce pas». Mukono ya binti ilisimama na mahindi. Kuku akangoja. Bote tukangoja.

Tata alikuwa bado anaangalia kidole chake. Akalamba lile tone. Akafunga macho kidogo.

— Ngojeni, alisema. Tusikimbie. Minyi nilisema nini? Nilisema malafu ifike kwa bantu ya binti, na ionjwe. Sikusema chupa. Kuku, sikia: bibi yangu, mama ya binti, ni muntu ya binti ao hapana?

Nyuma ya jikoni tulisikia nguo inakamuliwa.

— Kuku, muulize: ile malafu ilimufikia?

— Kuku, ilinifikia mu nguo. Ilinifikia mu nywele. Ilinifikia mu masikio.

— Na mu kinywa?

Hakujibu. Na shiye bote tulielewa kwa nini. Akisema hapana, malafu imemwangika mu njia sawa maji, kalani akuye na kasha yake. Akisema ndiyo, basi imeonjwa na bantu ya binti, na malafu yenye imeonjwa hairudishwe mu chupa; yeye mwenyewe njo alikuwa anafundishaka bengine ile. Tena asubui ileile alipokea komunyo. Kudanganya siku ya mungu, mbele ya saa sita, na kinywa kingali na komunyo na malafu ndani, haikuwa kintu kidogo kwa ule mama.

Niliangalia miguu yangu. Kiatu moya hakikuwa.

— Kuku, alisema mama na sauti ya chini. Ule kalani. Nilikutana naye juzi ku gare.

— Na? tata alisema.

— Sikutangulia kukuambia, juu nilisikia haya. Nilitoka mu njia, niligeuka mugongo. Akanifuata. «Bonjour maman.» Akanyoosha mukono.

— Hapana!

— Akakamata yangu akaitikisa. Murefu. Akaniangalia huku mu macho, anacheka na meno.

Banamuke mu jikoni balipiga ulimi bote pamoja. Tata alisimama, akakaa tena.

— Mu macho?

— Mu macho. Kazi yake ni muzuri, sikatai. Lakini nikafikiri: huyu atanitikisa vile kila siku mpaka kufa kwangu. Na ule mujinga mwenye kuwa pale na kiatu kimoya... yeye aliniona mbali, akajitupa mu miiba. Na mbiyo gani! Hakuna mukwe mwenye alisha kuniheshimu na mbiyo vile.

Minyi nilianza kutoa miiba mu soksi.

— Kuku, uambie bwana yangu, mama alisema. Mu kinywa, iliingia.

— Mingi?

— Ya kutosha.

— Ilikuwa namna gani? tata aliuliza, na pale haikuwa tena habari ya ndoa, ilikuwa muntu mwenye kiu.

— Kali. Lakini tamu.

Tata alipumua sawa mutu mwenye kuibiwa. Kisha akainua damejani, akamupa binti. Binti akatia kidole mu mulomo ya chupa, akazungusha, akalamba, vile binti anapashwa akikubali. Akatikisa kichwa: ndiyo. Basi. Kuku akala mahindi yenye kubakia.

— Na umwambie, mama alimaliza, alete ingine, yenye kufunikwa na majani. Na kitambala ya bleu. Na akuye kwa miguu!

Binti alinisindikiza mpaka ku barabara, vile banaruhusu. Minyi nilikuwa nasukuma kinga ya Muitaliano, sijui bado nitamwambia nini, na shati yangu ilikuwa inavuta inzi ya mugini yote, lakini nilikuwa nimevimba sawa chura. Nikamwambia: «Ulisikia mama yako? Hakuna mukwe mwenye alisha kumuheshimu vile. Niliona miiba, nikasema, juu ya buko, acha nijitupe.»

Binti akasimama, akaangalia nyuma kama hakuna mwenye kusikia.

— Nilikuwa pale, nyuma ya mama, na kuni ku kichwa. Niliona yote. Weye haukutoka mu barabara. Barabara njo ilitoka kwako. Lakini usiambie mama.